Mkuu wa Kaya Yetu

Baada ya arobaini ya Mama tuliamua kubadilisha mlango wa mbele wa nyumba yake, maana mchwa walikuwa wameula hadi aibu. Fundi alipofika kwenye fremu akaniita. Kulikuwa na namba juu pale, imeandikwa kwa chaki, akataka kujua kama ni kitu cha maana au aifute tu. Nikamwambia akiifuta asidai chakula cha mchana. Akacheka, akadhani natania.

Ile ilikuwa namba ya sensa. Si hii ya juzi ya vijana wenye vishikwambi, ni ile ya utotoni mwetu sisi ambao sasa tuna watoto wa shule. Kila Idi ilipokaribia, Mama alipopaka nyumba chokaa, alipaka ukuta mzima na fremu nzima, lakini hapo aliizungusha brashi kwa uangalifu kama mtu anayempaka mtoto dawa ya jicho. Ikififia, ananituma shuleni nikaombe kipande cha chaki, anapanda kigoda, anaikoleza. Nimeinusa juzi ile fremu. Harufu ya chaki na chokaa kavu ilinipanda puani na nikamlilia Mama upya, mbele ya fundi, bila haya.

Nilikuwa darasa la tatu shule ya Ulaya, si ya Wazungu, ni kijiji chetu hiki cha Kilosa, miguu kama fito na mdomo ambao walimu waliusemea sana kwa Mama. Ilikuwa miaka ile ya kubinafsisha. Shamba la mkonge alikofanya kazi Baba tangu ujana wake liliuzwa, watu wakapunguzwa, na neno hilo likaingia kijijini likakaa. Ukimuuliza mtu habari za siku nyingi, anakujibu, "Nimepunguzwa." Baba alirudi nyumbani na baiskeli, godoro na redio. Akalima msimu mmoja na Mama, akaona jembe halimpendi na yeye halipendi, akaenda Mikumi kwenye barabara kuu kuuza mitumba kwa madereva wa malori. Huko akaoa. Mama Mdogo alikuwa na mgahawa wake pale, anapika wali na maharage na supu ya asubuhi, na wanasema madereva wa Zambia walikuwa wanamjua kwa jina.

Mama hakupiga kelele wala hakurudi kwao, kwanza kwao kulikuwa hapo hapo. Alisema neno moja tu, zamu. Ijumaa hadi Ijumaa kwetu, Ijumaa hadi Ijumaa Mikumi, asizidishe na asipunguze. Baba kwa hilo nampa haki yake. Alishika zamu jinsi alivyokuwa akishika king'ora cha mkonge. Ijumaa yetu ikifika, jioni anashuka kwenye Fuso pale barabarani, na mimi nimeshafika zamani namngoja, nimpokee mfuko.

Nisipoeleza jambo moja hapa hamtanielewa. Sisi watu wa zamani wa bonde hili ukoo wetu unafuata mama. Shamba lilikuwa la bibi yangu, likaja kwa Mama, na leo ni langu na wadogo zangu wa kike. Mwanamume akioa kwetu anakuja kulima kwenye ardhi ya mkewe, na akiondoka anaondoka na jembe lake. Wageni wakisikia hivyo hudhani wanawake wa kwetu ni wafalme. Wapi. Ardhi ni ya mwanamke, ila kwenye kikao anayesema ni kaka yake, yaani mjomba wa watoto, na nyumbani anayesema ni mume. Yeye mwenye ardhi kazi yake ni kuilima.

Basi ikaja habari ya sensa. Redio ilisema asubuhi na jioni, na shuleni Mwalimu Mkude, aliyechaguliwa kuwa karani wa upande wetu, alitukusanya paredi akatueleza. Serikali haiwezi kujenga zahanati wala kuchimba visima bila kujua watu wapo wangapi, sawa na mama asiyejua idadi ya wanaokula atapikaje. Tukaelewa. Halafu akatupa sheria yenyewe: mtu atahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, hapo na si pengine, ili asihesabiwe mara mbili.

Hapo mimi nikaelewa yangu. Kule ng'ambo ya mto walikuwa wamehamia wafugaji kutoka kanda ya ziwa, na sisi watoto tulikuwa tunakwenda kuwatazama wakipiga ng'ombe chapa. Chuma kinapata moto mpaka kinakuwa chekundu, ng'ombe analia, moshi unanuka nywele, na tangu siku hiyo yule ng'ombe hata apotee afike Kidodi, anajulikana ni wa boma lile. Nikajua na sensa ni hivyo. Sikudhani watatuchoma na chuma, hapana, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini niliamini ukishahesabiwa mahali umekuwa wa hapo, serikali imeshajua, basi tena.

Jioni ile nilipiga hesabu ya Ijumaa nikaona usiku wa sensa unaangukia zamu ya Mikumi.

Nilimfuata Mama jikoni. Nikamwambia, "Mama, tumpelekee Baba salamu kwa dereva wa Fuso, aje alale hapa usiku wa sensa."

"Usiku huo ni wa mwenzangu," akasema, anachambua maharage.

"Ni usiku mmoja tu, Mama."

"Mtu akiiba mara moja tu anaitwa nani?"

Na si mimi peke yangu niliyemwandama. Sokoni walikuwa wameshavumisha kwamba atakayeandikwa mkuu wa kaya ndiye atakayetambuliwa kuwa mwenye nyumba na shamba. Msiwalaumu watu. Mashamba ya mkonge yaliuzwa, maduka ya ushirika yaliuzwa, na kila kilichouzwa kilianza na watu wa kuja kuandika. Wanawake kisimani walimwambia Mama kabisa, "Mama Zuhura, mwite mwanamume wako. Wakikukuta peke yako wataandika nyumba haina mwenyewe." Zuhura ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu, nimesikia. Mama alijitwika maji akasema amesikia, ahsanteni, akaondoka. Nyuma yake wakaguna.

Siku moja kabla ya sensa, alasiri, Mjomba Saidi akatokea. Alikuwa anakaa Lumuma, analima vitunguu, na alikuwa amedandia lori la vitunguu mpaka karibu, njia iliyobaki akaikanyaga kwa miguu. Kofia safi, kanzu ndani ya mfuko, vitunguu vya zawadi begani. Tukampa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti yake ile ya kikao, akakaa kwenye kiti cha Baba.

"Dada," akasema kabla hata ya maji, "nimesikia shemeji yuko Mikumi. Nyumba ya ukoo wetu haiwezi kuhesabiwa bila mwanamume. Leo nalala hapa. Kesho karani akija, mkuu wa kaya ni mimi."

Mama akamtazama kidogo. "Karibu kaka," akasema. "Leo kuna mlenda na kisamvu. Nikupikie kipi?"

Akataka vyote. Nilimwangalia akila na moyo wangu ukawa mzito kama mawe ya kusagia. Kwa hesabu zangu Baba anapigwa chapa Mikumi, na Mjomba Saidi anapigwa chapa kwetu. Tunabadilishiwa baba kwa mjomba! Na mjomba mwenyewe anakoroma, anaita watu kwa kupiga vidole, na ukimletea maji ya kunawa anakuambia umeleta machache. Nilivipenda vitunguu vyake kuliko yeye, na sioni haya kusema.

Asubuhi ya sensa kulikuwa na ubaridi ule wa kiangazi, ukungu umekaa juu ya mabua ya mahindi. Mama alifagia uwanja mpaka ukabaki na michirizi ya ufagio. Akavaa khanga zake mpya. Mjomba akavaa kanzu, akachukua kiti cha Baba akakiweka katikati ya uwanja, akakikalia.

Mwalimu Mkude alikuja na mkoba begani na kalamu ya risasi sikioni, na balozi wetu wa nyumba kumi akimwongoza. Akampa Mjomba shikamoo, akasalimiana na Mama, akakaa kwenye kigoda, maana kiti kilikuwa na mtu. Akaanza kwa kusoma maneno ya serikali, kwamba yote yatakayosemwa ni siri. Kisha akauliza, "Mkuu wa kaya hii ni nani?"

Balozi akamjibu haraka. "Ni mumewe huyu mama. Mwandike tu, yuko Mikumi, namfahamu."

"Jana amelala Mikumi?"

"Naam."

"Basi ataandikwa Mikumi. Hapa siwezi kumwandika."

Mjomba akakohoa kikohozi cha kujiandaa. "Mwalimu, ndiyo maana nipo. Andika Saidi."

"Mzee, jana umelala hapa?"

"Nimelala, na watoto hawa ni mashahidi."

Kwa kukoroma kule, hata majirani walikuwa mashahidi.

"Na siku zote unaishi hapa?"

"Ninaishi Lumuma. Lakini hapa ni kwetu, ardhi hii ni ya ukoo wetu."

"Sawa mzee. Nitakuandika, umelala hapa. Ila nitakuandika kama mgeni."

Mjomba Saidi alisimama kutoka kwenye kiti. Kuitwa mgeni kwenye ardhi ya mama yake, na mwalimu wa juzi, na mbele ya balozi! "Mgeni?" akauliza. "Mimi?" Balozi akaanza kumtuliza, Mjomba akaanza kumweleza Mwalimu habari za mababu tangu walipovuka mto, Mwalimu akabaki ameshika kalamu. Mwisho akasema, kwa adabu, kwamba hiyo sensa haigawi ardhi wala haimpi mtu nyumba. Inachotaka kujua ni nani ambaye watu wanaoishi humo ndani wenyewe wanamtambua kuwa mkubwa wao. Swali hilo hawezi kulijibu yeye, wala balozi. Alipoona bado wanabishana akasema, "Basi hili tuliache kwanza. Tuanze na nyumba yenyewe, mama. Paa ni la nini?"

"Bati," akasema Mama. "Nilileta mwenyewe kutoka Kilosa, mwaka ule maharage yalikubali."

"Ahsante mama. Swali la nani kaleta halimo humu. Kuta?"

"Tofali za kuchoma. Udongo nilikanyaga mimi na ndugu zangu wanawake, tanuri nikaliwasha mimi, nina mimba ya huyu Zuhura."

"Tofali za kuchoma zinatosha, mama. Sakafu?"

"Ya udongo. Saruji namalizia mwakani nikijaliwa."

"Maji mnapata wapi?"

"Kisima cha msikitini. Nakwenda mimi kabla ya adhana ya alfajiri, maana ukichelewa unachota tope."

"Mnapikia nini?"

"Kuni. Nazileta mimi."

Mwanzoni balozi alikuwa anacheka chini chini. Halafu akaacha. Mwalimu naye akaacha kumwambia kwamba hayo hayamo. Aliuliza, Mama akajibu na kuongeza lake, kwa sauti ile ile, bila kuringa na bila kulalamika, mtu anayesema tu hali ya mambo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, namwona visigino vilivyopasuka chini ya khanga mpya. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona Mama akifanya kazi hizo na sikuwahi kuziona. Kifua kilinijaa. Leo najua kuwa ile ilikuwa fahari, ila siku ile nilidhani ninataka kukohoa.

Mwalimu alirudi kwenye mstari wake wa kwanza. "Mama, nikuulize tena. Ninyi wa humu ndani mnamtambua nani kuwa mkuu wa kaya?"

Mama alimtazama Mjomba. Kisha akatazama chini kidogo, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Nikaona anakaribia kumpa kaka yake heshima aliyoifuata kwa lori na kwa miguu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Na mimi, na huu mdomo wangu, nikasema, "Ni Mama."

Mjomba akanigeukia. "Nani kakuuliza wewe?"

"Mwalimu amesema wa humu ndani. Mimi ni wa humu ndani."

Nilijua kibao kinakuja na nilishainamisha kichwa. Lakini Mama akanyoosha mkono akanivuta nyuma ya khanga zake, akasema, "Mtoto amesema kweli. Niandike mimi, Mwalimu."

Akaandikwa. Jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Nilimsikia akilitaja polepole, na lilikuwa jina ambalo sijawahi kulisikia likitajwa lote na mtu yeyote, maana yeye kijijini alikuwa Mama Zuhura na mke wa fulani. Ndipo Mwalimu akaanza kumuuliza kila mmoja wetu ni nani kwa mkuu wa kaya. Mimi mtoto, wadogo zangu watoto. Alipofika kwa Mjomba, Mama akasema, "Huyu ni kaka yangu. Andika mgeni, lakini andika vizuri, amekuja na vitunguu."

Mjomba Saidi alikaa tena. Mwalimu akaandika ile namba kwa chaki kwenye fremu, akaaga. Kisha Mjomba akamwambia Mama, "Umeniaibisha, dada." Akaongeza, "Lakini yale matofali sikujua kwamba ulikuwa na mimba." Mama akamwambia walikuwa wamemwita aje kusaidia, naye akajibu kwamba vitunguu vilikuwa vinataka maji. Mjomba akavua kofia, akaigeuza geuza mkononi. Kesho yake aliondoka, na kabla ya kuondoka alitupasulia kuni nyingi bila kuombwa na mtu.

Mimi furaha yangu haikufika hata adhuhuri. Nilikuwa nimekumbuka chapa. Baba amehesabiwa Mikumi, na hapa penye nafasi yake nimeweka jina la mtu mwingine, kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikumwambia mtu. Ijumaa ya zamu yetu ilipofika, sikwenda barabarani kumngoja, kwani nilikwishajua kwamba hashuki mtu. Nilikaa nyuma ya jiko nikijifanya napeta mtama.

Magharibi ikakaribia, nikasikia baiskeli ya jirani imesimama, na sauti ya Baba ikishukuru kwa kubebwa. Nilitupa ungo, nikamkimbilia, nikamng'ang'ania suruali mpaka akaniuliza nani kafa. Nikamuuliza kama ameruhusiwa. "Kuruhusiwa na nani?" akasema. Nikaona nisiendelee.

Lakini njiani walikuwa wameshamwambia. Vijana wa kijiweni walimpigia makofi aliposhuka kwenye Fuso, wakamwambia pole mzee, na nyumbani nako umepunguzwa. Alikaa kwenye kiti chake, hakugusa chai. Mama alikuwa anakata kitunguu cha Mjomba.

"Nasikia umeandikwa mkuu wa kaya," akasema Baba.

"Nimeandikwa."

"Na mimi nipo."

"Hapa hukulala. Nilijua mwenzangu atakuandika kule."

Baba aliitazama chai inavyopoa. Halafu akapitisha mkono usoni, kama mtu anayejifuta vumbi la safari. "Kule nako," akasema, "karani alipouliza, mgahawa mzima ukasikia. Mwenzako akasema, 'Mkuu wa kaya ni mimi, nyumba nimepanga kwa kodi yangu na sufuria ni zangu.' Mimi nimeandikwa mume."

Mama akaweka kisu chini. Nilimwona mabega yakianza kutikisika nikadhani analia, kwa vitunguu au kwa jambo lenyewe. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, khanga ikamvuka kichwani, na Baba naye, Mungu amrehemu, alijikaza kadiri alivyoweza, mwisho akacheka pamoja naye. Sijui kama alikuwa amefurahi. Lakini alicheka, akanywa chai imepoa, na tangu wiki ile nilimwona akienda kisimani, jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla.

Mpaka hapo Mama hakuwahi kumtaja Mama Mdogo kwa jina, wala kumpelekea hata salamu. Zamu aliiheshimu, mwenye zamu hakumtaka. Ijumaa ya pili, Baba alipokuwa anafunga mfuko wa kurudi Mikumi, Mama alitoka ghalani na debe la maharage, yale mazuri ya mbegu, yamechambuliwa, limejaa na kufungwa kwa kipande cha khanga. Akalitua miguuni kwa Baba.

"La nani hili?" akauliza Baba.

"Mpelekee yule mwenzangu, ayapikie mgahawani," akasema Mama. "Mwambie yametoka kwa mkuu wa kaya wa Ulaya."

Baba alilitazama lile debe, akatutazama sisi, akalitazama tena. Kisha akakunja shati lake la akiba akaliweka kichwani kama kata, akainama, nami nikasaidia kumtwika.